Picha Haisemi Yote: Neno kwa Yule Aendaye Mara ya Kwanza kwa Daktari wa Mgongo

Mtu anayeumwa mgongo katika Kivu hafiki kwa daktari bingwa wa mgongo siku ya kwanza. Kwanza hupaka mafuta. Halafu hununua vidonge sokoni. Halafu huchanjwa na mganga wa kienyeji, au huombewa, au yote mawili. Mwisho hufika katika kituo cha afya, na mwuguzi humpa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Bukavu. Siku ya kuonana na daktari inapofika, miezi mingi imekwisha kupita, mbuzi ameuzwa, na ndugu wamechanga nauli ya mashua kutoka Idjwi au ya gari kutoka Mwenga. Madaktari wa kazi hii ni wachache katika Kongo yetu. Kumwona mmoja wao ni jambo kubwa.

Basi mtu huyu anaingia, anaketi, anatoa picha ya mifupa yake, ile tuitayo radio, anaiweka mezani, kisha ananyamaza. Daktari anamwuliza, "Una shida gani?" Naye anajibu, "Mgongo. Picha ni hii." Anadhani amekwisha sema yote.

Mimi naona kwamba hapo ndipo wengi wetu tunapopotewa na faida ya safari. Nasema karatasi moja iliyoandikwa nyumbani, kwa kweli na bila haya, ina faida kupita picha ya pili. Tena nasema kwamba kazi ya kuiandika si ya mgonjwa peke yake. Ni ya jamaa yake, na ya kanisa lake pia.

KWA NINI PICHA HAITOSHI

Picha huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, moja juu ya nyingine, kama matofali ya ukuta. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Nyuma yake kuna mfereji, na ndani ya mfereji hupita ugwe wa mishipa ya fahamu, utokao katika ubongo na kupeleka amri mikononi, miguuni na katika kibofu. Radio ya kawaida huonyesha pingili vizuri. Visahani na mishipa haivionyeshi.

Ziko mashine kubwa ziwezazo kuonyesha visahani. Hata hizo hazitoshi bila maneno ya mgonjwa. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya habari za watu 3110 waliopigwa picha za namna hiyo, nao wote hawakuwa na maumivu ya mgongo. Waliona kwamba kwa watu wa miaka 20, 37 kati ya kila 100 walikuwa na visahani vilivyochakaa. Kwa watu wa miaka 80, walikuwa 96 kati ya kila 100. Na hawa hawakuumwa! Basi kisahani kilichochakaa ni kama mvi kichwani. Daktari akikiona, hajui bado kama ndicho kinachokuumiza. Atajua kwa kulinganisha picha, maneno yako, na mambo atakayoyaona akipima mwili wako.

Tena picha yaweza kuonekana njema, hali ugonjwa umekwisha anza. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, chaweza kuingia katika pingili za mgongo. Mwanzoni radio huenda isionyeshe kitu, kwa maana mfupa haujaliwa sana. Lakini mgonjwa mwenyewe anajua mambo yake. Anajua kwamba ana homa jioni na jasho usiku, kwamba amekonda, kwamba maumivu hayapoi hata akilala. Anajua kwamba nyumbani mwake yuko mtu aliyekohoa siku nyingi. Asiposema hayo, ataambiwa ni uchovu wa kazi na kurudishwa kwake. Siku zikipita, pingili huanguka, nundu hutokea mgongoni, na miguu huweza kufa.

Ugonjwa huu si mpya. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza katika kitabu mwaka 1779. Wakati ule hapakuwa na radio, kwa sababu miali yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Hata kijidudu cha kifua kikuu hakikujulikana mpaka Robert Koch alipokitangaza mwaka 1882. Pott alikuwa na macho yake, mikono yake, na maneno ya wagonjwa wake. Leo sisi tuna dawa ambazo yeye hakuwa nazo. Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi kwa miezi 9 hadi 12, na katika nchi yetu dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mtu aliyesema mapema aweza kuokoa miguu yake kwa vidonge tu.

MAMBO YA KUANDIKA

Siku tatu kabla ya kwenda, chukua karatasi. Kama hujui kuandika, mwite mtoto wa shule, wewe useme naye aandike. Yaandike mambo haya kwa maneno machache.

1. Maumivu yalianza lini, na kwa namna gani? Usiseme "zamani." Kama hukumbuki tarehe, tafuta alama: kabla ya kuzaliwa mtoto yupi, au baada ya Krismasi ya mwaka gani. Useme kama yalianza kwa kuanguka, kwa mzigo, kwa ajali ya pikipiki, kwa kupigwa, au yenyewe tu.

2. Ni mahali gani? Kwetu wengi husema, "Figo zinaniuma," na maana yao ni kiuno. Wengine husema "baridi" au "rimatizima." Hayo ni majina tu, na daktari anataka mahali. Onyesha kwa kidole. Kama maumivu hushuka mguuni, useme yanafika wapi, gotini au wayoni, na kama kuna ganzi, ni katika kidole kipi cha mguu. Kidole kikubwa kina mshipa wake wa fahamu, na kidole kidogo kina wake. Jambo dogo kama hili humwonyesha daktari mahali pa kutafuta.

3. Huzidi lini, na hupungua lini? Mtu anayeumwa akitembea na kupata nafuu akiketi au akiinama hana ugonjwa ule ule wa mtu anayeamshwa na maumivu usiku wa manane. Useme pia kama yanazidi ukikohoa au ukipiga chafya.

4. Ni nini huwezi kufanya leo, ulichokiweza mwaka jana? Labda kandambili inavuka mguuni bila wewe kujua. Labda vidole vya mkono vinashindwa kufunga vifungo vya shati. Labda unajikwaa njiani pasipo na jiwe.

5. Kazi yako ni nini? Mama anayebeba magunia kutoka ufukoni mwa ziwa hadi soko la Kadutu, kamba ikiwa juu ya paji la uso wake, asiseme tu, "Nafanya kazi ndogo ndogo." Aseme anabeba nini, kilo ngapi, mara ngapi kwa siku. Mchimba mchanga na mchimba madini waseme vivyo hivyo.

6. Umetumia dawa zipi? Andika zote, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Leta pakiti zake. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa siku nyingi huweza kuumiza tumbo na figo. Prednisoni na deksametasoni hutuliza maumivu na homa, na kwa hiyo huficha ugonjwa. Zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Lakini kama umezimeza muda mrefu, usiziache ghafula. Mwambie daktari, naye atakuongoza.

7. Una magonjwa gani mengine? Taja sukari, shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, uvimbe wo wote uliowahi kutibiwa. Taja kama umepata kupasuliwa, au kuchomwa sindano ya mgongo wakati wa kuzaa. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupigwa picha. Na mtu aliyewahi kupigwa risasi, ambaye kipande cha chuma kimebaki mwilini, asikose kusema, kwa sababu iko mashine ya picha inayofanya kazi kwa sumaku, iitwayo IRM, nayo yaweza kuwa hatari kwake.

Pamoja na karatasi hii, leta barua ya kituo cha afya, fishi zako, majibu ya damu, kadi ya mituweli kama unayo, na picha zote za zamani. Usiache picha ya kale kwa kuwa ni ya kale. Daktari akiweka ya zamani na ya sasa pamoja, huona kilichobadilika. Wengine karatasi zao zilipotea katika kukimbia vita. Hao waandike wanayoyakumbuka, inatosha. Na tafadhali, usiuze kuku wako kununua picha mpya kabla daktari hajaiagiza. Huenda akataka ya namna nyingine, au asitake yo yote.

MAMBO YA HAYA

Wahenga wetu walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Katika ugonjwa wa mgongo, yanayofichwa mara nyingi ndiyo makubwa.

Mishipa itokayo chini ya uti wa mgongo ndiyo inayotawala kibofu, haja kubwa na mambo ya ndoa. Mtu ambaye mkojo humtoka bila hiari, au anayeshindwa kukojoa, au ambaye amekufa ganzi kati ya mapaja, anayo habari ambayo daktari anaihitaji kupita zote. Lakini ndiyo asiyoisema, hasa kama amekuja na mkwewe au na mtoto wake.

Tena kwa akina mama, mkojo usiozuilika waweza kutoka katika mishipa ya mgongo, na waweza kutoka katika fistula baada ya uzazi mgumu au baada ya kutendewa ukatili. Hayo ni magonjwa mawili, na matibabu yake ni mawili. Hapa Bukavu iko hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la CEPAC, inayojulikana ulimwenguni kwa kutibu fistula. Mama asiyesema aweza kutumwa njia isiyo yake na kuzunguka mwaka mzima.

Kadhalika yule aliyepigwa na mumewe, na yule aliyechanjwa au kuvutwa mgongo na mganga wa kienyeji. Daktari hakuulizi ili akuhukumu. Anauliza ili ajue kama mfupa ulivunjika. Kama huwezi kusema mbele ya jamaa, omba abaki nje kidogo. Una haki ya kuomba hivyo.

WASIOPASWA KUNGOJA

Haya yote ni kwa yule mwenye siku yake ya kuonana na daktari. Wako wasiopaswa kungoja siku hiyo, waende hospitali leo, hata usiku: anayeshindwa kukojoa ghafula, aliyekufa ganzi kati ya mapaja, ambaye miguu yake inapungua nguvu siku kwa siku, mwenye maumivu makali ya mgongo pamoja na homa, na aliyeanguka kutoka mtini au katika ajali. Huyu wa mwisho asipandishwe pikipiki, wala asibebwe mgongoni. Alazwe juu ya ubao au machela, kichwa na kiwiliwili vikiwa vimenyoka pamoja, na watu kadhaa wamwinue kwa wakati mmoja. Ugwe wa mgongo ukikatika, daktari hawezi kuushona tena kama nguo.

NDANI YA CHUMBA CHA DAKTARI

Vaa nguo iliyo rahisi kuvua, kwa maana daktari atataka kuona mgongo wenyewe. Atakuomba utembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Atainua mguu wako ukiwa umelala. Atagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, atakugusa kwa kitu chenye ncha ili ajue kama unasikia. Huenda akahitaji kupima sehemu za siri, akiwa na hofu ya mishipa ya chini. Hilo si tusi. Mama aweza kuomba mwuguzi mwanamke awepo.

Kama hujui Kifaransa wala Kiswahili vizuri, njoo na mtu ajuaye Kimashi, Kihavu, Kirega au lugha yako. Lakini chagua mtu atakayetafsiri maneno yako. Usichague atakayejibu badala yako.

Usiondoke pasipo kuuliza. Maswali haya manne yatosha: Unadhani ni ugonjwa gani? Tukingoja kwanza, kutatokea nini? Kama ni kupasuliwa, faida yake ni ipi, hatari yake ni ipi, na gharama ni kiasi gani? Ni dalili zipi zitanifanya nirudi upesi? Andika majibu nyuma ya karatasi ile ile.

Wala usikasirike ukiambiwa hakuna kupasuliwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno, na kwa karibu 90 kati ya kila 100 hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Walio wengi hawahitaji kisu. Hupata nafuu kwa mazoezi, kwa kuendelea kutembea, na kwa kubadili namna ya kufanya kazi. Usiseme, "Nimeuza mbuzi, naye ananiambia nitembee!" Kujua kwamba mfupa haukuoza, wala mshipa haukubanwa, ni jibu lenye thamani ya mbuzi.

Lakini daktari akikwambia, "Usibebe mizigo tena," nawe unajua kwamba usipobeba watoto hawali, usiitikie tu, "Ndiyo, daktari." Mwambie ukweli. Shauri lisilofuatwa halisaidii. Mkizungumza, huenda mkapata njia ya katikati: mzigo mdogo, safari chache, kupumzika kwa majuma kadhaa, kisha mazoezi.

KWA WALE WASEMAO SIVYO

Wako wanaosema, "Daktari amesoma miaka mingi. Mimi ni nani nimweleze?" Nawajibu: daktari amesoma habari za migongo ya watu wote, lakini mgongo wako wewe ndiwe uliyekaa nao. Wengine husema, "Daktari hana nafasi ya kusikiliza, watu ni wengi mlangoni." Ni kweli, watu ni wengi. Kwa sababu hiyo hiyo karatasi yafaa. Itasomwa kwa dakika mbili, na maneno ya kutafutatafuta huchukua nusu saa.

Wengine tena, nao ni ndugu zetu, husema kwamba kuhesabu hesabu ugonjwa ni kukosa imani. Hao nawakumbusha Luka, ambaye Paulo amwita mganga. Alipoandika habari za yule mwanamke aliyepindana mgongo, katika sura ya 13, hakuacha kutaja miaka, yaani 18, wala hakuacha kutaja kwamba hakuweza kujinyosha. Tangu lini, na ni nini huwezi kufanya: hayo ndiyo maswali mawili ambayo daktari wa mgongo huyauliza kwanza. Kuomba na kusema kweli havipigani.

NENO KWA WAZEE WA KANISA

Ninyi wazee na mashemasi, mnapopata habari kwamba mshiriki anakwenda kwa daktari wa mgongo, desturi yenu ni kumchangia nauli na kumwombea. Ni vizuri, msiache. Lakini naona haitoshi. Mtumieni pia kijana mmoja ajuaye kuandika, akae naye saa moja jioni, amwulize maswali saba yale, na aandike. Kama mgonjwa ni mama, mtume msichana au mama mwenzake, ili aseme na mambo ya haya. Na akirudi na shauri la kupumzisha mgongo, msimwache peke yake. Mama aliyekatazwa kubeba magunia kwa miezi mitatu anahitaji unga wa miezi mitatu. Kanisa lisipomsaidia, atarudi chini ya gunia wiki ile ile, na safari yake yote, na mbuzi wake, na kazi ya daktari, vitakuwa vimepotea bure.

Saa moja ya kijana, kalamu na karatasi havilemei kanisa lo lote, hata lile la kijijini kabisa. Na iko miguu ambayo itatembea mwaka ujao kwa sababu hiyo.